Shati la Ouma

Shati jipya likilowa mvua lina harufu yake: wanga, mafuta ya cherehani, na kitu kama uji unaotaka kuchacha. Harufu hiyo hunijia hata leo nikianua nguo, na majirani zangu wa hapa Nyegezi, Mwanza, hunikuta nimesimama uani kama mlingoti, nguo mkononi, mvua ikinipiga. Hucheka. Wameshanizoea. Huniita kuku wa mayai, kwa sababu sitoki: harusi nachangia nikiwa kwangu, na msibani ndiyo nafika, ila nakuwa wa kwanza kutafuta viatu vyangu mlangoni. Sibishi. Kuku wa mayai angalau anakijua anachokilalia.

Nilikuwa darasa la nne, na vuli ya mwaka ule ilikuja na hasira. Kaka yangu Ouma alikuwa mvuvi wa sangara, kijana mrefu mwenye kicheko cha kuamsha watoto wachanga. Upepo uliwakuta katikati ya ziwa. Mtumbwi ulionekana umepinduka, wenzake wakaokotwa, yeye akakosekana. Tukangoja. Ziwa huwa na desturi ya kuwarudisha watu wake likishatosheka nao, lakini Ouma halikumrudisha. Sisi ni Wajaluo wa Rorya, na kwetu mtu ambaye mwili wake haukupatikana haachwi hivihivi. Huchumwa tunda la mwegea, lile refu zito linaloning'inia mtini kama mguu wa mtu, likavishwa sanda na kuzikwa kwa jina lake. Likishazikwa, basi. Wazee walisema hata mwenyewe akitokea kesho yake hana tena mlango wa kuingilia, kwani kwa watu wake ameshakufa. Mama alikubali, alitaka mwanawe awe na mahali. Baba alikataa. Alisema huwezi kumfungia mtu mlango kwa sababu amechelewa.

Hata hivyo siku ikafika. Mama alimtuma baba mjini akanunue sukari, majani ya chai na kitambaa cheupe, kisha apite Buzuruga kumpokea baba mdogo Okelo, aliyekuwa anakuja kwa basi na tunda lenyewe kutoka Rorya. Mimi nikaongezwa kwenye msafara kama askari. "Akinyi," mama aliniambia akinifunga kilemba, "baba yako asirudi bila kitambaa. Umenisikia?" Nilimsikia, ingawa moyo wangu ulikuwa umebaki chini ya blanketi. Hata enzi hizo nilikuwa kuku.

Mvua ilitushika sokoni Makoroboi. Maji mekundu yalishuka kutoka milimani, kati ya yale mawe yetu makubwa, yakibeba maganda ya ndizi na kandambili isiyo na mwenzake. Baba alinunua sukari. Alinunua majani ya chai. Alisimama kwa fundi viatu kushonesha kiatu ambacho hakikuwa kimefumuka. Aliuliza bei ya kamba, akaishika, akaivuta, akairudisha. Kila tulipokaribia duka la vitambaa aliongeza mwendo, nami nikimkimbilia na mfuko wa nailoni kichwani: "Baba, kitambaa." "Tutapita, mama." Aliniita mama kila alipokuwa ananidanganya, na siku hiyo nilikuwa mama mchana kutwa. Mvumilivu hula mbivu, walitufundisha shuleni. Hawakusema kwamba lipo tunda ambalo hata ukilivumilia haliliwi.

Mwisho aliingia kwenye kibaraza cha fundi cherehani. Ouma alikuwa amempelekea kitambaa cha buluu amshonee shati la harusi ya rafiki yake, nalo lilikuwa tayari, limepigwa pasi.

"Shikamoo, mzee. Mwenyewe yuko wapi ajaribu mabega?"

"Marahaba. Yuko ziwani."

"Basi likimbana asinilaumu. Nilipokuwa nampima hakutulia hata kidogo, kucheka tu!"

Baba naye akacheka, kicheko kilekile cha Ouma, ambacho sikujua kama alikuwa nacho. Nilipata hofu kuliko siku zote za kungoja. Akalichukua shati, tukatoka nalo mvuani.

Tulifika Buzuruga jioni, tumelowa hadi kwenye nia. Baba mdogo alikuwa ameikimbia mvua akaingia baa moja karibu na stendi, bati tupu na sakafu ya tope. Pembeni yake, kwenye kiti chake peke yake, lilikuwa limesimamishwa gunia lililofungwa mdomo kwa kamba. Nilimwamkia. Akaitikia, akamtazama baba mikononi.

"Kitambaa kiko wapi, kaka?"

"Mimi nilimwambia," nikasema, kwa ushujaa wote wa mbea.

Mhudumu akaja, mama mnene mcheshi asiyejua lolote. "Karibuni wazee wangu. Mtoto soda, eeh? Na huyu wa kwenye gunia mbona mnamnyima? Au kaokoka?" Akajichekea mwenyewe.

Baba mdogo alikunja uso, akataka kumjibu. Baba akamzuia kwa mkono. Aliliangalia gunia muda mrefu, mvua ikipiga bati kana kwamba inamdai.

"Mletee bia," alisema. "Baridi sana. Ya moto hanywi."

Baba mdogo akavua kofia. Chupa ikaletwa, ikafunguliwa, ikawekwa mbele ya gunia. Hakuna aliyeigusa. Ndipo baba akafungua kamba, akalitoa lile shati lililolowa, akalivisha tunda, akafunga kifungo kimoja kimoja hadi cha shingoni. Mikono ya shati ikaning'inia.

"Halijambana," alisema.

Mhudumu aliacha kucheka. Mimi nilimaliza soda yangu, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya.

Mama alipoona shati hakuuliza kitambaa. Tulizika nyuma ya nyumba.

Leo wavuvi wana simu, na mtu akikawia tunapiga mpaka tuambiwe hapatikani. Tumepata njia ya kuambiwa haraka, basi. Waliokuwa hawarudi bado hawarudi. Wazazi wote wawili wameondoka, nyumba nimebaki nayo mimi. Baba, kwenye ugonjwa wake wa mwisho, aliniomba nisiweke komeo la ndani, na sijaliweka. Kama kweli Ouma hana mlango, basi awepo mtu wa kumfungulia. Hajabisha. Tatizo ni hili bati: mvua ikikolea, mtu anaweza kubisha mpaka achoke usimsikie. Ndiyo maana hutoka nikasimama uani, nguo mkononi, majirani wakacheka.