Kaka Anaiita Dawa

Admin, nifiche kabisa, huku Garsen tunajuana. Nina miaka ishirini na saba, ni Mpokomo, sijaolewa, naishi kwa kaka yangu aliyenisomesha. Nina kibarua kwa watafiti wanaojaribu kipimo kipya cha maji. Ni kijikaratasi kilichopakwa unga wenye vitundu vidogo mno, jicho halivioni. Sumu hunasa humo, na hata ikiwa chembe tu, karatasi inageuka nyekundu.

Siku hiyo nilikuwa nachota maji malka, pale ng'ombe wanaposhukia mtoni. Bonaya, mchungaji wa Kiorma (jina si lake), alinichotea yeye kwa sababu ya mamba. Nilimfundisha kusuuza chupa kwa maji ya mto na kumwaga kabla ya kujaza. Karatasi ikawa nyekundu. Nikafika nyumbani nikaropoka, "Maji ya malka yana sumu."

Jirani akadakia kwamba amemwona Mworma akimwaga chupa mtoni. Kaka hakuuliza chupa ya nani. Alitoka na panga, vijana nyuma yake. Nilipowafikia, Bonaya yuko chini wanamkanyaga kichwa, na kaka akaukata mkono ule uliojaza chupa yangu. Nililia kwamba mimi ndiye niliyemtuma, nikapigwa rungu mgongoni. Kesho yake ndugu zake Bonaya wakachoma nyumba za watu wasiojua lolote. Bibi mmoja aliungua ndani.

Nilirudi kupima peke yangu. Juu ya mto, maji yanakotoka, karatasi ilikuwa safi. Wekundu ulianzia pale kaka anapooshea bomba lake la kunyunyizia mahindi dawa ya wadudu. Nilipomwambia, alinikaba koo ukutani mpaka nikajikojolea.

"Mimi napiga dawa, sipigi sumu," akasema. "Ukienda kusema, nitakumaliza."

Mama analia tu, anasema mchuma janga hula na wa kwao. Lakini hili analila Bonaya. Yuko hospitali, anashtakiwa kutia sumu, pingu kwenye mkono uliobaki. Nikisema, kaka atauawa, au ataniua mimi kwanza. Nikinyamaza, Bonaya atafungwa kwa kufuata nilichomfundisha.

Juzi nilienda kumwona. Nilitegemea matusi. Akaniuliza polepole, "Dada, ama mimi nilisuuza chupa vibaya?"

Nilitoka mbio. Nishaurini jamani, nitamjibu nini?