Swichi ya Chumba Kumi na Nne

Mueni alikuwa amefanya kazi miaka tisa kwenye bodi ya simu ya hoteli moja ya ufukweni Malindi. Katika miaka hiyo aliwaunganisha watu na nusu ya dunia, na yeye mwenyewe hakuwahi kupigiwa simu hata mara moja. Laini ya nje ilikuwa moja, vyumba arobaini, na wageni waliosafiri siku nzima kuja kupumzika hawakutulia mpaka wajue huko walikotoka kumetokea nini.

Mwezi ule wa Mei, mwaka wa themanini na tatu, mwenzake wa zamu alikuwa amejifungua, na mwenye hoteli hakuona haja ya kuleta mtu mwingine. Mueni akawa anatoka kwake mtaa wa Barani alfajiri na kurudi magharibi, siku ya kumi na moja sasa, masikio yakimvuma hata kitandani. Alikuwa amechoka uchovu ule usioisha kwa kulala.

Siku hiyo, hata hivyo, alikuwa na simu yake. Mama yake alilazwa hospitali ya misheni huko Kitui, na kesho yake angepasuliwa tumbo. Madaktari hawakuahidi kitu. Kaka yake Joram aliandika barua kwamba siku hiyo saa nane mchana atambeba mama mpaka kwenye simu ya ofisini, aongee na bintiye kabla ya kisu. Mama hakuwa ameshika simu maishani mwake. Mueni alimwomba meneja ruhusa, akapewa dakika tatu, kwa uso wa mtu aliyeombwa figo.

Mwingine aliyejua habari hiyo ni Kanze, opereta wa kituo cha simu mjini. Wawili hao walisikilizana kila siku kwa miaka tisa na hawakuwahi kuonana. Ndivyo walivyo watu wa simu. Mueni alijua Kanze akiwa na mafua, Kanze alijua Mueni akiwa amelia, lakini wangepishana sokoni wasijuane.

Saa sita Mtaliano wa chumba kumi na nne alikuja kusema anangoja simu ya kwao, na hataki sikio la mtu humo. Kwa wageni wa namna hiyo palikuwa na swichi pembeni mwa bodi. Ukiishusha, laini ya nje inalia chumbani moja kwa moja, haipiti kwa opereta. Mueni akaishusha. Mtaliano akaongea nusu saa, kisha akapita mapokezi na taulo begani akienda kuogelea. Hapo ndipo swichi ilipaswa kurudishwa juu. Mueni alimjibu salamu, akaegemeza paji la uso kiganjani, akafumba macho kidogo.

Bodi ikanyamaza. Naye, Mungu amsamehe, akashukuru.

Saa nane ikafika, ikapita. Alimlaumu Joram moyoni, akailaumu hospitali, akazilaumu na barabara za Kitui. Kumpigia Kanze amuulize aliogopa, asije akaishika laini wakati huohuo mama anaitafuta. Akakaa vivyo hivyo, mikono mapajani, mpaka saa kumi ikapita.

Saa kumi na nusu mwanamke mfupi mwenye leso mabegani alisimama mbele ya dirisha lake, vumbi mpaka magotini.

"Hodi, mwenzangu," akasema.

Mueni alimjua kwa sauti, kuwa ni Kanze, akasimama. Pwani hii msiba hautiwi kwenye waya. Mtu huondoka akauleta kwa miguu yake.

"Sema tu," alisema.

"Hajafa. Kaa kwanza."

Kanze akaeleza. Alipiga hotelini tangu saa nane kasoro, simu ikalia, asipokee mtu. Mueni akageuza macho taratibu kuitazama swichi. Ilikuwa chini. Simu ya mama yake ililia bure katika chumba kitupu, na wafagiaji hawakuruhusiwa kugusa simu za wageni.

"Joram alikuwa amekwisha kumwekea mama yako simu sikioni," Kanze alisema. "Mama akaita jina lako mara tatu. Niliona vibaya mtu mzima anyamaziwe na waya. Nikaitika."

"Kwa Kikamba?"

"Kikamba nakijua wapi, mwenzangu? Niliitika tu. Kila alipotua, nikaitika."

Alitoa karatasi ya kuandikia simu. Upande wa nyuma wa karatasi alikuwa ameyaandika maneno ya mama kama alivyoyasikia, Kikamba kwa sikio la Mgiriama. Ilimbidi Mueni ayasome kwa sauti ndipo ayaelewe. Mama alimuuliza kama amekula. Alisema mbuzi mweusi amezaa. Mwisho Mueni alisita, akarudia mstari, akalia waziwazi.

"Amesemaje?" Kanze akauliza.

"Amesema sauti yangu imechoka. Nipumzike."

Kanze akajifuta uso kwa pembe ya leso. Naye alikuwa kwenye waya tangu alfajiri. Mueni alimshika mkono kupitia dirishani, wakakaa hivyo mpaka kengele ya chai ya wageni ikalia. Kisha akaipandisha swichi.

Kesho yake, siku ya mama kupasuliwa, swichi ilikuwa juu tangu alfajiri, na Mueni hakuiondolea macho. Wageni walipiga, akawaunganisha; simu ya Kitui haikuja. Ilipofika saa tano akasikia geti likifunguliwa, akainua uso. Kanze alikuwa anakuja kwa miguu, na zamu yake ilikuwa bado haijaisha.