Moraa na Nyota Zinazonyamaza

Nakumbuka asubuhi moja kwetu Nyamira, mwanangu, kabla mvi hizi hazijanivamia. Nilikuwa mwalimu kijana wa fizikia, niko nyumbani likizo. Dada yangu Moraa alikuwa amempoteza mtoto wake wa kwanza siku ya kujifungua, akaacha kabisa kusema. Mumewe, Ombati, alimrudisha kwetu kutoka Kenyenya, na asubuhi hiyo alikuja kuamua kama atamchukua au atamwacha moja kwa moja.

Unajua desturi yetu shambani. Wachumaji chai huitana mstari hadi mstari, na anayekosa kuitikia huhesabiwa kuwa na kinyongo. Ombati alitukuta tukichuma, akamwita mkewe mara mbili. Kimya.

"Mwalimu, si umeona?" akaniambia kwa uchungu. "Huyu ananilaumu mimi. Sasa nitaishi aje na yeye?"

Sisi walimu tukibanwa hukimbilia tunachokijua. Nikamweleza kuhusu pulsa, mabaki madogo mazito ya nyota kubwa zilizolipuka. Huzunguka kwa kasi zikirusha mawimbi ya redio, kama mtu anayezungusha tochi gizani, na kila zikitugeukia mitambo hunasa mlio. Lakini baadhi yazo hunyamaza ghafla, mizunguko michache au hata siku nyingi, kisha hurudi. Wataalamu wanadhani mkondo wa chembe zenye umeme unaoizunguka nyota hubadilika au hukatika, mawimbi yakakosa cha kuyazalisha. Kwa nini ukatike wakati huo, bado wanabishana.

Ombati alinikodolea macho. Mtu analilia ndoa yake, mimi namletea habari za nyota!

Ndipo sauti ya kukwaruza ikatoka katikati ya michai. "Na ikinyamaza, bado inazunguka?"

Alikuwa Moraa. Nilitaka kupiga kelele, nikajizuia.

"Bado, dada yangu. Tena zile zinazonyamaza siku nyingi zimepimwa. Wakati wa kimya, kasi yazo hupungua polepole zaidi kuliko zinapotoa mawimbi."

"Basi inapumzika," akasema, akaendelea kuchuma.

Ombati aliingia kwenye mstari wa mkewe, akachuma kando yake bila kumwita tena, mpaka kikapu kikajaa. Moraa hakuongeza neno siku hiyo. Jioni wakaondoka pamoja kwenda kwao Kenyenya, nami nikalia bila kujificha.

Sasa wewe, mwanangu, nakuona ukichungulia simu kutwa kwa sababu rafiki yako hajibu, na umeshaanza kusema amekutupa. Labda. Lakini labda nguvu za kusema zimemwishia, na hata yeye hajui kwa nini. Usimhukumu kwa kimya chake, wala usimlazimishe ajieleze. Nenda kwao, msaidie kazi aliyo nayo, ukae. Mungu akubariki, akupe moyo wa kungoja, na siku utakayoishiwa na maneno wewe, usikose mtu wa kukaa nawe.