Ndeshi Kafika Wapi?

Sisi tuliokulia kwenye mashamba ya kahawa huku mlimani Meru, harufu ya maganda yaliyochacha haijatutoka puani mpaka leo. Mwezi wa saba, baridi ile ya kukata masikio, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, unaamshwa na Bibi ukachote maji mferejini. Si ya kunywa wala ya kuoga. Ya kahawa. Kuoga kulikuwa Jumamosi, kwa heshima ya kanisa.

Bibi yangu alikuwa na pipa lililokatwa nusu. Tukishachuma, zile nyekundu tunazimwaga mle, tunajaza maji, tunangoja. Nzuri zinazama, mbovu zinaelea. Kazi yetu watoto ilikuwa kuziengua zinazoelea, vidole vimekufa ganzi, na yeye amekaa kwenye kigoda anatukazia macho. "Msinichanganyie," alikuwa anasema. "Wale watu wa chini wataona hatujalelewa."

Watu wa chini hatukuwajua. Kahawa ikishamenywa, ikakaushwa kwenye vichanja, ikachaguliwa tena punje kwa punje, tuliipeleka kwenye ghala la ushirika, lori likaja likaichukua. Huko ilikokwenda, tuliambiwa, kuna watu wanakaa mezani na vijiko, wanaionja halafu wanaitema. Nilipoambiwa wanaitema nilicheka sana. Lakini hao wanaotema ndio walioleta daraja. La kwanza, la pili, la tatu, linabandikwa mlangoni pa ghala, na watu wanarudi nyumbani wakiimba au wameinamisha vichwa.

Ajabu ni kwamba sisi wenyewe hatukuinywa. Tulikunywa chai ya rangi, tulikunywa uji, tulikula loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando mpaka tumbo linakuwa kama ngoma. Kahawa hapana. Siku moja nikamuuliza Bibi, "Kwani kahawa yetu ni tamu?" Akanitazama kama nimemuuliza bei ya mwezi. "Mimi nitajuaje? Wanajua wao."

Mwaka mmoja yetu ilirudi na daraja la chini kabisa. Mvua ilikuwa ile ile, mikono ile ile, pipa lile lile. Bibi hakubisha. Alijifunika kanga usoni akaenda kulala jua likiwa juu. Na kijiji kizima hakuna aliyekaanga punje mbili, akatwanga, akaonja, ajue kama ni kweli.

Sasa nimeanza na kahawa, lakini ninachotaka kusema ni habari za vitabu. Mnivumilie. Shule niliishia darasa la nne, na mtu wa darasa la nne akianza kusimulia hajui pa kukata kona. Aliyenikumbusha haya yote ni mjukuu wangu, Neema. Yuko chuo, tunakaa naye hapa mjini, Engutoto. Ni msomaji, na hilo namshukuru Mungu, maana wenzake wengi wakishika kitabu wanatafuta mahali pa kukiwashia. Ana rafu nzuri, na kila kitabu pale kina alama ya mviringo ya dhahabu kwenye jalada, kama medali ya mwanariadha.

Nikamuuliza, "Mama, vitabu vyako unavichaguaje?"

"Babu, kuna listi. Kila mwaka watu wa tuzo wanatoa, kwanza ndefu, halafu fupi, halafu mshindi. Mi nasubiriaga ile fupi."

"Na kile nilichokununulia kwa yule kijana anayetandaza vitabu soko la Kilombero?"

"Jamani Babu! Kile hakijawahi kuingia hata ile ndefu."

"Umekifungua?"

"Nikifungue cha nini sasa?"

Basi nikachukua kimoja chenye dhahabu, ambacho nilimwona kabisa akikisoma wiki nzima, mpaka ugali ukaungua. "Na hiki kilikupendeza?"

Unajua alifanya nini? Alichukua simu. "Ngoja kwanza nione watu wamesemaje."

Nilicheka mpaka nikakohoa, akaja kunipiga mgongoni. Halafu kicheko kikakatika. Nilimsikia Bibi. Kabisa, kama amekaa pale kwenye kochi la Neema na kigoda chake. Tangu siku hiyo sina raha, na ndiyo maana naandika.

Pale kwenye ghala la ushirika kulikuwa na karani wa mizani, jina lake Anaeli. Hakuwa wa kwetu, alitokea upande wa Momela, akapanga chumba nyuma ya duka. Mrefu, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi wa gunia, koti lile lile mvua na jua. Mizani yake hakuna aliyeilalamikia. Lakini sifa yake ilikuwa nyingine. Siku za kupeleka kahawa lori lilichelewa, lilichelewa kila mara, na watu walikaa juu ya magunia toka adhuhuri mpaka jua linaelekea kuzama. Karani Anaeli akimaliza kupima, alikaa mlangoni akatusomea kitabu. Wengi wa watu wazima hawakujua kusoma, wengine walijua ila macho hayakuwa yao tena. Akisoma maneno ya mwanamke, sauti inakuwa ya mwanamke. Akisoma mzee mkorofi, tulimgeukia mwenyekiti wetu wa ushirika, Mzee Elifasi, tukafinyana.

Vitabu vyake vikaisha. Akaanza kusoma kutoka kwenye karatasi zilizoandikwa kwa mkono. Hatukuuliza. Hadithi yenyewe ilikuwa ya mwanamke anaitwa Ndeshi. Maji ya mfereji yamekauka shambani kwake ghafla, kiangazi, na ana mtoto mgonjwa. Anachukua jembe anaufuata mfereji kupanda mlima amjue aliyeziba. Kila nyumba anayopita wanamwambia, si sisi, ni wa juu. Anapanda. Nyumba ya juu nao, si sisi, ni wa juu. Na kila nyumba ina mambo yake, ina watu wake, mpaka unasahau kiu yako kwa kiu ya hao.

Jamani, ile hadithi! Kwetu mfereji ndio ndugu, ndio kesi, ndio kila kitu. Wanaume waligombana kama Ndeshi alikuwa na haki ya kuvunja kwa jembe lile kufuli la lango la maji, kwenye nyumba ya nne. Wanawake walichelewa kurudi, waume wakanung'unika, mwishowe waume wakaja wenyewe. Bibi miguu ilikuwa inamsumbua, hakuweza kushuka ghalani kila mara. Kwa hiyo nikirudi, kabla hata sijamsalimia, kabla hajauliza kilo, alikuwa ananiuliza, "Ndeshi kafika wapi?" Nami namsimulia huku namenya ndizi za mtori, na nikikosea ananirudisha. "Hapana, yule mwenye ng'ombe walishampita jana." Kichwa chake kilikuwa kimeshika kila nyumba.

Siku moja Karani Anaeli akaweka karatasi chini, akatazama viatu vyake. "Ndugu zangu," akasema, "hii hadithi nimeitunga mimi. Nimeinakili yote, nimeipeleka kwenye mashindano ya vitabu. Majibu watayasoma redioni."

Mayowe yaliyotoka pale! Mzee Elifasi alimshika mkono akautikisa mpaka miwani ikaanguka. Mama mmoja akauliza, "Na Ndeshi anamkuta nani huko juu?"

"Mwisho nitawasomea siku ya majibu," Karani akasema, anatabasamu kama mtoto. "Tuule pamoja."

Redio ilikuwa ya Mzee Elifasi. Betri zake zilianikwa juani siku nzima pembeni ya kahawa ili zipate nguvu, nasi watoto tukawekwa walinzi wa kufukuza kuku. Jioni ile watu walijaa ghalani kama Pasaka. Karani alikuwa amenyoa. Karatasi zake alizifunga kwa kitambaa safi, kaziweka mapajani.

Mtangazaji akasoma. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Halafu akasoma orodha ya wale waliosifiwa tu, ndefu kweli, na kila jina lilipoanza Karani aliinua kichwa, na lilipoisha akakishusha. Halafu ukaja muziki.

Mzee Elifasi akazima redio kuokoa betri. Akasafisha koo. "Basi kumbe," akasema, wala hakuwa na ubaya, alisema kwa masikitiko kabisa, "kumbe tulikuwa tunasikiliza ya kuelea."

Mtu mmoja akacheka. Wengine wakatikisa vichwa, wakaanza kutafuta majembe yao. Mwisho wa Ndeshi hakuna aliyeuomba. Sisi tulikuwa watu wa kahawa. Daraja likishatoka limetoka.

Wiki iliyofuata mwenyekiti alishuka mjini akarudi na kitabu chenyewe cha mshindi, kipya, kinanuka wino. Akamkabidhi Karani mbele ya watu. "Tusomee hiki sasa. Hiki kimepita."

Karani akakisoma. Sijui kilikuwa kibaya, siwezi kusema. Pengine kilikuwa kizuri sana. Kilikuwa cha mambo ya huko mbali, watu wanaongea mezani. Alikisoma kama anavyosoma uzito wa magunia, sauti moja. Watu walikaa wametulia kama kanisani wakati wa matangazo, mikono magotini, hakuna aliyegombana na mtu. Waume wakaacha kuja. Na mimi niliporudi nyumbani Bibi akauliza, "Ndeshi kafika wapi?"

"Bibi, hakushinda."

"Sijakuuliza kama ameshinda."

Nasema haya nikijua Neema atayasoma, na sitaki aone namcheka yeye. Tulianza sisi. Tofauti ni kwamba enzi zile tulikosea tukiwa pamoja, bega kwa bega juu ya magunia, unamsikia jirani yako anavyovuta pumzi Ndeshi akigonga mlango. Sasa kila mmoja anakosea peke yake chumbani, taa ya simu usoni. Lile ghala limebomolewa, kahawa kwetu wameing'oa wakapanda nyanya na nyumba za kupangisha. Wiki iliyopita nilipita pale, mfereji umejaa mifuko ya nailoni. Ukiuliza nani ameziba, wanakwambia wa juu.

Lakini ngoja nimalize ya ghalani.

Bibi hakuvumilia. Siku ya kupeleka kahawa alichukua fimbo yake, nikamshika mkono, tukashuka polepole, tunapumzika kila penye jiwe. Tulipofika Karani alikuwa mlangoni na kile kitabu cha mshindi. Alisimama alipomwona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mimi ndiye bibi yake huyu. Nimekuja kukuuliza kitu kimoja. Ndeshi kafika wapi?"

Mnajua uso unavyofunguka? Ule uso ulifunguka. Akaingiza mkono ndani ya koti, na nikaona kile kitambaa safi. Kumbe zile karatasi alikuwa anatembea nazo kila siku.

Mzee Elifasi akaingilia kwa upole. "Mama, ile ilikataliwa huko chini. Tusimpe kijana wa watu matumaini."

Karani akatutazama wote, mmoja mmoja, pale juu ya magunia. "Nyie wengine mnasemaje? Nisome?"

Walikuwepo waliogombana kwa sababu ya lile kufuli, walikuwepo waliochelewa kurudi kwa waume zao. Kila mtu alimtazama mwenyekiti, na mwenyekiti akatazama barabarani kama lori linakuja.

Basi Karani akamgeukia Bibi. Akainama kabisa, mpaka kichwa chake kikawa sawa na cha Bibi. "Mama, wewe umetembea na miguu hiyo mpaka hapa. Niambie wewe tu, inanitosha. Ile hadithi ilikuwa nzuri?"

Bibi akaegemea fimbo yake. Yeye aliyekuwa ameshika kila nyumba kichwani, aliyekuwa ananirudisha nikikosea.

"Mimi nitajuaje, baba?" akasema. "Wanajua wao."

Karani Anaeli akainuka. Akakiweka kile kitabu juu ya sahani ya mizani, taratibu, sindano ikasogea kidogo ikasimama. Akarudisha mkono ndani ya koti, akahakikisha kitambaa kipo, akafunga vifungo vyote mpaka cha juu. "Haya, mama. Mrudi salama." Akashika njia ya chini, katikati ya migomba, hakukimbia wala hakugeuka. Tukadhani anakwenda kujisaidia. Lori likaja, likapakiwa, likaondoka, na sisi bado tumekaa tunamngoja.