Mstari wa Chini Kwenye Kikopo

Miezi ile mama alikuwa akilala mchana, nami nilifurahi. Nikifika Kiuyu, kijijini kwetu, siku ya Ijumaa namkuta barazani juu ya mkeka, uso umetulia, na harufu ya mwani unaokauka imejaa uani kote. Nilikaa karibu yake bila kumwamsha. Mchana wa Kiuyu una ukimya wake; hata kuku hutembea kwa adabu. Nilijiambia kwamba mwanamke huyu amefunga mwani kwenye kamba tangu mie sijaota meno, maji yakimfika kiunoni, na leo hatimaye anapumzika.

Na aliyempumzisha, kwa mawazo yangu, nilikuwa mimi.

Nilimnunulia kikopo cha unga wa mwani Gombani, nje ya uwanja wa mpira, kwa bwana mmoja mwenye kipaza sauti na kanzu iliyopigwa pasi kuliko ya bwana harusi. Mama ana ugonjwa wa sukari, na alikuwa akimeza vidonge vya kituo cha afya asubuhi na jioni. Nilipomwonyesha kikopo alicheka mpaka mtandio ukamdondoka.

"Mwani uno uno? Uno wangu mie?"

Kwetu mwani ulikuwa hauliwi. Ulikaushwa, ukatiwa magunia, ukaenda zake, wala hatukuuliza unakwenda wapi. Sasa ulikuwa umerudi, umesagwa, umevishwa karatasi ya kijani.

Mama anasoma msahafu kwa sauti ya kukutoa machozi, lakini herufi za skuli hazijui. Basi nikamsomea, tena kwa madaha: hushusha sukari, hutuliza presha, hulainisha viungo, huleta usingizi mwororo. Alisikiliza kainamisha kichwa, kama anavyosikiliza darsa. Chini kabisa palikuwa na mstari wa herufi ndogo kama utitiri, nikauruka. Gari la kurudi Chake, mjini ninakofanya kazi, lilikuwa linapiga honi.

Hakuniambia kwamba tangu siku hiyo aliviweka vidonge kando. Kwa wakubwa wa kijijini kwetu dawa hunywewa kwa nia. Ukishainuia moja, kumeza nyingine juu yake ni kuitilia shaka, na dawa uliyoitilia shaka haikufai kitu. Tena hii kaletewa na mwanawe. Kila asubuhi alipiga bismillahi, akakoroga kijiko kimoja ndani ya uji, na vidonge vikabaki kashani, vimefungwa kwenye kitambaa.

Usingizi ukaja kweli, kama karatasi ilivyosema. Alinisimulia ndoto zake: bahari imejaa mpaka uani, mwani umeota kwenye nguzo za nyumba, naye anauvuna bila kuinama. Nilizipenda ndoto zile, nikawa narudi nazo Chake, nikizifikiria ofisini. Alikuwa na kiu ya ajabu pia, nami nikasema ni joto. Mjinga mimi, niliyesoma!

Ijumaa moja hakuamka. Nilimwita, nikamtikisa bega; macho yakafunguka nusu, hayakuniona. Jirani alitupakia kwenye gari lake, nikamshika mama mapajani njia nzima. Hospitali muuguzi alimpima, akakuta sukari imepanda mno, akaniuliza vidonge kameza lini mara ya mwisho. Nilimjibu kwa ukali kwamba anameza kila siku, na unga wa mwani juu yake.

Siku ya tatu mama akazinduka sawasawa. Akanieleza habari ya vidonge kwa upole, kana kwamba aliyekosa ni yeye. Kisha akaniagiza kikopo.

"Nsomee tena. Chote."

Nikasoma, safari hii bila madaha, mpaka kwenye herufi za utitiri: hiki ni chakula, si dawa, usiache dawa ulizopewa na daktari.

"Na hilo siku ile halikuwapo?"

"Lilikuwapo, mama."

Hakunigombeza, na bora angenigombeza.

"Mie sikukiamini kikopo, mwanangu," alisema. "Nlikuamini weye."

Siku hizi anameza vidonge vyake, na mwani tunautia ndimu na pilipili, tunaula na wali. Lakini nikimpelekea chochote kutoka mjini, hata pakti ya biskuti, hakigusi. Hunirudishia mkononi, akainamisha kichwa, nami husoma mpaka anwani ya kiwanda. Nikinyamaza ndipo anaposema bismillahi.