Siku Tata Wawira Alipotapishwa

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, kwetu karibu na Gachoka, mtu aliyeuguza mgonjwa nyumbani hakuruhusiwa kusema amechoka. Cucu, nyanya yangu, alitueleza bila kuzungukazunguka: mgonjwa akikusikia ukisema hivyo, kisha afe na uchungu huo moyoni, anakuachia kirumi. Kirumi ni laana ya mtu anayekufa, na kwetu hakuna aliyetaka kujaribu kama ni ya kweli. Watu walionyeshana kwa vidole: yule watoto wake hawakai shuleni, yule ng'ombe wake huzaa ndama waliokufa, yote ni kirumi. Mimi niliamini kabisa. Nikiwa mkweli, siku zingine bado naamini kidogo.

Mgonjwa wetu alikuwa Mjomba Njeru. Ilikuwa miaka ile ukimwi ulipokuwa ukimaliza watu, dawa hakuna, na jina lenyewe halitajwi. Tulisema tu "ule ugonjwa". Njeru alirudi kutoka mjini amebaki mifupa, akawekwa katika chumba cha pembeni. Wa kumwangalia alikuwa Tata Wawira, mama yangu mdogo na kitinda mimba wa Cucu. Hakuna aliyemuuliza kama ataweza. Hakuwa na mume, basi kazi ikawa yake. Isitoshe, babu alipokufa ni Njeru aliyemlipia Tata karo hadi kidato cha nne, kwa hiyo kwake alikuwa kama baba, na laana ya baba si mchezo.

Glavu hatukuwa nazo. Tata alivaa mikononi karatasi za plastiki za mkate, akazifunga na kamba ya katani, ndivyo alivyomwosha. Alifua shuka mara nne kwa siku, na maji ya kufulia aliyabeba mgongoni kutoka mtoni. Ndugu zake walikuja Jumapili baada ya kanisa. Waliacha sukari getini, wakauliza kwa sauti, "Anaendeleaje?" wakajibiwa, wakasema "Mungu atakulipa, Wawira," wakaondoka. Mama yangu, aliyefanya kazi Embu na kuniacha mimi kwa Cucu, naye aliachia sukari yake papo hapo. Sisemi hivi kwa kumdharau. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Tata nilimpenda kwa utani wake. Nikikosea hesabu alikuwa ananiita profesa wa mbuzi. Baada ya miezi kadhaa utani uliisha. Alitia chumvi kwenye chai. Aliosha beseni, akaliweka juani, akarudia tena kuliosha. Ukimwita mara tatu ndiyo anageuka, na hata akigeuka macho yake hayakukuangalia. Cucu alisema ni usingizi tu.

Siku moja nikitoka shule nilimkuta kwenye zizi la mbuzi, nyuma ya chumba cha Njeru, ameegemeza paji la uso kwenye mwimo. "Nimechoka," alikuwa anasema. "Mungu wangu, nimechoka. Nipe hata siku moja." Mbuzi walikuwa wanatafuna tu. Niliona kirumi kikimjia Tata kwa miguu yake, nikatimua mbio kwenda kumwambia Cucu, nikidhani ninamwokoa.

Cucu alikuwa anapepeta ndengu. Aliweka uteo chini.

"Nani mwingine amesikia?"

"Mbuzi."

"Wee, usinichezee!"

Cucu alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, na kanisa halikutaka kusikia habari za waganga. Kwa hiyo alichagua Alhamisi ambayo akina mama wenzake wote walikuwa wameenda mazishi ng'ambo ya mto, akaita wanawe wote, na akamleta mundu mugo, mganga wa kwetu, kwa njia ya shambani. Tata angetapishwa. Hiyo ndiyo dawa ya mwiko uliovunjwa: mbuzi anachinjwa, mavi yake ya tumboni yanachanganywa na majani ya dawa, unalamba, unatema, na kila unapotema unataja kibaya unachokitoa. Mjomba Njeru alibebwa akalazwa kwenye mkeka kivulini mwa ghala, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kulaani.

Tata alipiga magoti mbele ya kishimo kilichotiwa dawa ile. Mganga alichovya kitita cha majani, akampa alambe.

"Tapika!"

"Natapika uchovu," Tata akasema, akatema.

Cucu alishusha pumzi. Yeye alidhani yameisha.

"Tapika!"

"Natapika sukari inayoachwa getini."

Mjomba mmoja alikohoa. Mganga alichovya tena, lakini polepole.

"Natapika 'Mungu atakulipa'. Natapika shuka nne. Natapika kuamka kila akikohoa, na kuamka akiacha kukohoa." Sasa hakungoja kuambiwa. Alisema mengine mengi, ya choo, ya harufu, ya rafiki zake walioacha kupita kwetu. Mganga, aliyezoea watu watapike wizi na uzinzi, aliacha majani yakidondoka kwenye kishimo. Halafu Tata akasema, "Na juzi nilitamani afe, ili nilale."

Cucu alijiziba mdomo. Mama aliangalia viatu vyake. Mimi nilijua nimemuua Tata kwa mdomo wangu, na hilo sijalisahau hadi leo.

Mjomba Njeru aliongea kwa shida, koo lake lilikuwa limejaa vidonda. "Mleteni hapa."

Tata alisogea kwa magoti.

"Ulifikiri sijui?" akamwambia. "Mimi nilitamani hivyo kabla yako."

Kisha akaomba maji ya kulowanisha kinywa. Kwetu baraka hutolewa kwa mate: mkubwa anakutemea kidogo viganjani, unajipaka kifuani. Alijaribu mara mbili, kinywa kikavu, hayakuja. Siku zile watu waliogopa hata kikombe alichonywea; hatukujua kwamba mate hayakuwa na neno. Ndugu zake walirudi nyuma. Tata alikinga mikono miwili mitupu akangoja, na mara ya tatu akatemewa, akajipaka kifuani.

"Nenda ukalale," Njeru akasema. "Leo hawa wataniangalia."

Alilala hadi kesho yake mchana. Mama ndiye aliyemwosha Njeru jioni ile, amevaa karatasi za mkate mikononi. Tangu siku hiyo wote waliingia zamu. Mjomba aliishi wiki tano zaidi. Kirumi hakikuja, Tata ana watoto wanne na duka la mbegu, na utani ulirudi wote.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki nikicheka ushamba wetu. Halafu korona ikaja, nami nikiwa na mama yangu Kinoru, mjini Meru, kiharusi kimemlaza. Msichana wa kazi alikuwa amerudi kwao. Njia za kutoka Nairobi zilifungwa, na ndugu zangu huko walinitumia maombi kwenye kundi la familia. Nilijibu "Amina" kila asubuhi. Nikaacha kuoga. Nikawa nasimama mbele ya sufuria nisijue nilitaka kupika nini. Siku moja niliandika: "Nimechoka. Kuna siku natamani Mungu amchukue."

Kaka yangu, mwenye digrii mbili, alijibu papo hapo: "Futa hiyo. Usitamke mambo kama hayo karibu na mama."

Sikufuta. Nilielewa, tena kwa hasira, kwamba kimya cha Tata kilikuwa kimetufaa sisi sote, hata mimi niliyekula githeri yake na kwenda kumshtaki. Ndugu zake angalau waliketishwa chini wakasikiliza. Wangu walizima simu.

Nilimpigia Tata Wawira nikamwambia yote. Kesho yake alishuka pale Makutano, karibu nasi, na begi, barakoa iko kidevuni. Hakuniuliza lolote ila sabuni iko wapi. Nilipomwonyesha, nilianza kulia pale pale kando ya kitanda, kwa sauti, nikisema yale yale niliyoambiwa nifute. Mama alinisikia yote. Alinitazama kwa jicho lake moja zima mpaka nikamaliza, na hakuna baya lililotokea.