Upepo wa Merikebu ya Sista Uzi

Meza ya kulia ya nyumba ile ilikuwa na miaka mitatu haijaona sahani. Mume wa Sista Uzi, dereva wa lori mwenye subira zake, alikula na sahani magotini. Mgeni aliyeuliza aliambiwa kwa upole kwamba mezani kuna meli inajengwa, na meli haisogezwi kwa ajili ya chakula.

Na meli kweli ilikuwapo: merikebu ya milingoti mitatu, urefu wa mkono mzima, imeegemezwa kwenye vibao viwili. Sista Uzi mwenyewe hakuwahi kupanda chombo chochote cha majini. Alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji kwa miaka ishirini na sita, na jina hilo alipewa na madaktari kwa sababu aliujua uzi wanaoutaka kabla hawajanyoosha mkono. Katika chumba cha chai cha wauguzi palikuwa na kalenda kuukuu yenye picha ya merikebu iliyotweka matanga. Kalenda nyingine zote zilibanduliwa mwaka ulipoisha. Ile hakuruhusu iguswe. Siku ya kustaafu aliondoka nayo kwapani, na ole wake ambaye angemuuliza.

Basi akajenga. Ramani alipewa na mkutubi wa maktaba, nakala ya kurasa za kitabu kikuukuu. Mbao za sitaha zilikuwa vile vijiti vya daktari vya kukandamizia ulimi, alivyovichonga vikawa vyembamba kama ukucha. Roda za kupitishia kamba, ndogo kuliko punje ya mchele, alizitoboa kwa sindano moja baada ya nyingine, mia moja na arobaini. Kila fundo alilifunga kwa kibano kirefu cha hospitali, haba na haba. Matanga aliyakata kwenye sare yake nyeupe ya kazi. Ili yabaki yametuna kama yamejaa upepo aliyatia wanga, na wanga huo alipewa na wifi yake.

Huyo wifi ndiye aliyekuwa mwiba. Dada wa mumewe, dobi, mwanamke wa maneno makali na mikono iliyochujuka kwa sabuni. Kila alipokuja aliuliza kama mtoto ameshalala, akimaanisha meli. Alisema watu wazima wakikosa kazi hurudia wanasesere. Wanga alitoa, lakini kwa manung'uniko, kama aliyeombwa figo.

Kwa hiyo mkutubi alipoomba meli iwekwe kwenye kabati la kioo mlangoni mwa maktaba, pamoja na kadi yenye jina la aliyeijenga, Sista Uzi alijua nani wa kuambiwa kwanza. Mabaharia wastaafu wangealikwa Jumamosi kuizindua. Kicheko cha miaka mitatu kingezimwa siku moja. Alhamisi mchana akamwita wifi aje aione kabla haijaondoka.

Wifi akaizunguka meza. Hakucheka, na hilo lilimtia Sista Uzi wasiwasi kuliko kicheko.

"Wifi, upepo wako huu unatokea wapi?"

"Nyuma. Si unaona matanga yalivyotuna kwenda mbele?"

"Naona. Na bendera mbona zinaenda nyuma?"

Bendera tatu nyekundu, moja juu ya kila mlingoti, zilipepea kuelekea nyuma, kama bendera ya gari la mkubwa anayewahi mkutano. Sista Uzi alikuwa amezipenda hivyo.

"Mimi naanika mashuka juu ya paa mwaka wa thelathini huu," akasema wifi. "Sijaona upepo ukipeleka shuka huku, foronya kule."

Sista Uzi alihisi uso unamuwaka. Alikasirika, si kidogo, na aibu ikazidi hasira. Akamjibu kwamba meli si nguo chafu, akamwonyesha mlango, na wifi akaondoka bila kuaga.

Lakini nyani haoni kundule. Ijumaa asubuhi Sista Uzi alipanda ngazi za jengo la dobi hadi juu ya paa, akasimama katikati ya kamba. Mashuka, mashati, soksi: vyote vimeelekea upande mmoja. Gari huupasua upepo. Merikebu husukumwa nao. Mabaharia wangeliona kosa hilo kabla hawajaisoma kadi.

"Umeshinda, wifi," akamwambia dobi aliyekuwa akianika. "Sasa njoo unishikie mlingoti."

Ulikuwa upasuaji hasa. Bendera zilikuwa zimegandishwa kwa gundi kwenye ncha nyembamba kama njiti ya kiberiti, na kamba kadhaa zimefungwa papo hapo. Mkono ukitikisika, kazi ya miezi inaporomoka. Wifi alishika kwa vidole viwili, akaambiwa asipumue, akatii. Kisu kidogo kikapita. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote zikagandishwa upya zikielekea mbele. Hakuna uzi uliolegea. Sista Uzi hakukumbuka kujivunia mikono yake kiasi kile hata hospitalini. Wifi alipopumua, alisema polepole kwamba kumbe kazi yenyewe ndiyo hii.

Jumamosi, baharia mmoja mzee mwenye fimbo alilizunguka kabati mara mbili.

"Mimi huanzia kwenye bendera," alisema mbele ya watu wote. "Wengi hukosea hapo. Wewe nani amekufundisha upepo?"

Miaka mitatu Sista Uzi alikuwa ameingoja siku ya kumnyamazisha wifi yake. Angeweza kutabasamu tu, na nani angejua?

"Wifi yangu huyu," akasema. "Ni dobi."

Watu wakageuka. Wifi akainamia kioo apate pa kuficha uso. Hapo ndipo alipoona kitu ambacho Ijumaa hakikuwapo. Karibu na mlingoti wa mbele, uzi ulikuwa umevutwa kutoka kamba hadi kamba, na juu yake vimeanikwa vishati viwili na foronya moja ndogo kama ukucha, vyote vikipepea kuelekea mbele.



"Foronya huanikwa kwa pindo, wifi," alisema akiwa bado ameinama.

Kisha akajifuta macho, akasimama kando ya kabati mpaka maktaba ilipofungwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuvifikia vitabu mchana ule kabla ya kuonyeshwa kamba ya nguo.